Akili mnemba katika kazi za kila siku za wakili Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mawakili, makarani wa ofisi za sheria na wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi Uganda na wanaopenda kusoma kwa Kiswahili, iwe wako Kampala, Busia, Mbale au Arua. Umeandikwa zaidi kwa yule aliyewahi kujaribu ChatGPT, Claude, Gemini au Copilot, akapendezwa, kisha baada ya wiki akarudi kwenye njia zake za zamani.

Nilianza kwa hamasa, kisha nikaacha. Nianzie wapi safari hii?

Chagua kazi moja tu, na iwe kazi ambayo unaifanya kila siku hata usipopenda. Wengi huacha kwa sababu walisubiri wapate "kazi kubwa" ya kuipa akili mnemba. Kazi kubwa huja mara moja kwa mwezi, na ikija una haraka, huna muda wa kujifunza chombo kipya.

Pendekezo langu ni taarifa ya baada ya mahakama. Umetoka mbele ya hakimu Nakawa au Mengo, kesi imeahirishwa, kuna maagizo mawili matatu, na mteja hakuwepo. Unapaswa kumwandikia. Wote tunajua barua hiyo huchelewa, na mteja anapopiga simu wiki mbili baadaye kuuliza kesi yake imefika wapi, tunaanza kupekua jalada. Sasa, ukiwa bado kwenye gari au unamsubiri boda, andika au tamka kwa simu mistari mitano isiyo na mpangilio: hakimu alisema nini, tarehe ipi, nani atoe nini, upande wa pili walipinga nini. Iambie programu ikutolee vitu viwili: kumbukumbu fupi ya jalada na barua ya heshima kwa mteja.

Kazi hii inafaa kwa sababu majibu unayo wewe. Ulikuwa mle ndani. Programu ikiongeza agizo ambalo hakimu hakulitoa, utaliona papo hapo, na ndivyo unavyoanza kuzijua tabia zake bila kumwumiza mtu.

Kwa nini nisianze na utafiti wa sheria? Hiyo ndiyo kazi inayonimalizia muda.

Kwa sababu huko ndiko inakodanganya kwa ufasaha zaidi. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili wa New York walipeleka mahakamani maamuzi ambayo hayakuwahi kutolewa na mahakama yoyote. ChatGPT iliyatunga, nukuu zikiwemo. Walitozwa faini ya dola 5,000, na kilichomkera jaji zaidi ni kwamba waliendelea kuyatetea hata baada ya kuulizwa. Juni 2025 Mahakama Kuu ya England ilionya kwamba wakili anayewasilisha kesi za kubuni anaweza kupelekwa kwenye chombo cha nidhamu, au hata kushtakiwa kwa kuidharau mahakama. Na usidhani ukilipia zana maalumu ya mawakili umepona: utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa 2024 ulizikuta zana za kampuni kubwa za utafiti wa sheria zikitoa majibu ya kubuni au ya kupotosha katika asilimia 17 hadi 33 ya maswali.

Kwetu tatizo lina sura yake. Ukiuliza jambo la Uganda, mara nyingi unajibiwa sheria ya jirani iliyovalishwa jina letu. Nitataja mitego ambayo ni rahisi kuipima.

Siku za kuwasilisha utetezi. Uganda mdaiwa ana siku 15 tangu apokee samansi. Kenya anaanza kwa kujitokeza, halafu anapewa siku 14 za kujibu. Tanzania ni siku 21. Programu inaweza kukupa yoyote kati ya hizo kwa sauti ileile ya uhakika.

Siku zisizohesabiwa mwisho wa mwaka. Kanuni zetu za mwenendo wa madai, Amri ya 51, zinaacha nje kipindi cha tarehe 24 Desemba hadi 15 Januari. Kenya wana kipindi kinachofanana na hicho lakini kwa tarehe nyingine, na tofauti hiyo ya siku chache inatosha kukupotezea jalada.

Ukomo wa muda. Dai la mkataba ni miaka 6, na ndilo jibu utakalopewa. Lakini ukiishtaki serikali, ukomo ni miaka 3 kwa mkataba na miaka 2 kwa madai ya madhara. Usipouliza hasa kuhusu serikali, haitakukumbusha.

Namba za sura. Kila sheria ina namba yake katika mkusanyo rasmi wa sheria zetu. Toleo la saba la mkusanyo huo, lililorekebishwa, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na namba nyingi zikabadilika. Sheria ya Ardhi iliyokuwa Sura ya 227 sasa ni Sura ya 236. Sheria ya Kanuni ya Adhabu iliyokuwa Sura ya 120 sasa ni Sura ya 128. Vifungu navyo vimesogea. Maandishi mengi ambayo programu hizi zimejifunza ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo zitakupa namba ya zamani bila kusita. Si uongo wa kutunga, ni sheria iliyochacha, na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ataiona kabla yako.

Kisha kuna kibanja, yaani kipande anachokaa na kulima mtu kwenye ardhi yenye hati ya mwingine. Hapa ndipo ninapowashauri wenzangu waipime programu yoyote kabla ya kuilipia. Iulize haki za mwenye kibanja juu ya ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda). Nyingine zitamgeuza mpangaji wa kawaida wa mkataba, au zitamwita mvamizi. Hazielewi kirahisi kwamba Katiba ya 1995 inatambua mifumo minne ya umiliki (wa kimila, freehold, mailo na leasehold), wala kwamba Sheria ya Ardhi inamlinda mkaaji wa nia njema aliyekuwa ameishi na kulima pale kwa miaka 12 au zaidi kabla Katiba hiyo haijaanza kutumika. Ukipata jibu linalomfanya mkaaji wa Mukono aonekane kama mpangaji wa nyumba London, umeshajua ni kiasi gani cha kuiamini.

Basi haina msaada wowote kwenye sheria?

Ina msaada mkubwa, ila kwa masharti: wewe ndiye uipe sheria, usiiombe. Nenda ULII (tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Uganda), tafuta hukumu kwa mkono wako, ipakue. Ifungue uhakikishe ni ya mahakama uliyoitaka na kwamba haijatenguliwa. Kisha ndipo uipe programu faili hilo na useme:

"Soma hukumu hii peke yake. Orodhesha masuala ambayo mahakama ilijiwekea, uamuzi juu ya kila suala, na ukurasa ambako uamuzi huo umo. Kama jambo halimo kwenye hukumu, andika: halimo. Usitumie kesi nyingine yoyote."

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Halafu fungua kila ukurasa uliotajwa. Kwa hukumu ya kurasa 60 utakuwa umeokoa muda wa kutosha kunywa chai, na bado umesoma mwenyewe sehemu utakazozinukuu.

Tahadhari moja ya kiufundi. Hukumu nyingi za zamani, na nyaraka nyingi za pande zinazopinzana, ni picha zilizopigwa kwa skana. Programu nyingine husoma picha hizo vibaya, hasa tarehe, kiasi cha pesa na namba za ploti. Jaribu kunakili sentensi moja kutoka kwenye faili. Isipokubali kunakiliwa, ujue una picha, na kila tarakimu itakayotoka humo ihakikishe kwenye nakala halisi.

Matumizi mengine ninayoyapenda ni kuifanya wakili wa upande wa pili. Mpe hoja zako za maandishi, ukishaficha majina, umwambie azishambulie. Mara nyingi mashambulizi yake ni mepesi, lakini moja kati ya matano litakuwa lile ambalo ungekutana nalo mahakamani bila kujiandaa. Usiniulize kwa nini, lakini inafanya kazi hii vizuri kuliko kusifu, na kusifu inapenda mno.

Siri za mteja je? Naweza kubandika jalada lote?

Hapana. Kanuni za maadili ya mawakili zinakukataza kutoa habari za mteja isipokuwa inapohitajika kwa kazi yake au kisheria. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha. Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ambayo ina masharti kuhusu kuchakata data binafsi nje ya Uganda: ama nchi hiyo iwe na ulinzi unaolingana na wetu, ama mwenye data awe ameridhia. Kompyuta zinazojibu maswali yako hazipo Nakasero. Ofisi yako yenyewe inakusanya data za watu, kwa hiyo suala la usajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi linakuhusu, ukiwa na akili mnemba au usipokuwa nayo.

Kwa vitendo, fanya hivi. Badilisha majina kabla ya kubandika: Mdai, Mdaiwa wa Kwanza, Shahidi B, Ploti X. Ufunguo wa nani ni nani uandike kwenye karatasi na uuweke ndani ya jalada, si kwenye mazungumzo yaleyale. Ondoa namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu, namba za hati za ardhi na za akaunti.

Hata hivyo kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwenye duka la jumla la sukari pale Kikuubo aliyefungiwa na benki mwezi uliopita", nusu ya Kampala wanajua unamsema nani. Punguza pia maelezo yanayomtambulisha. Kesi za watoto, za ubakaji na unajisi, za hali ya afya ya mtu, na za washtakiwa ambao bado wanahojiwa, mimi naziacha nje kabisa.

Ingia kwenye mipangilio ya programu uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kufundishia. Akaunti za kulipia za kiofisi kwa kawaida hazifundishii, lakini soma masharti yake mwenyewe, ndiyo kazi uliyosomea. Na tafadhali, acheni ile desturi ya ofisi nzima kutumia akaunti moja yenye nywila iliyobandikwa ukutani. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya wiki sita anaweza kusoma historia yote ya mazungumzo ya wakili mwandamizi.

Mteja wangu anazungumza Kiswahili, Luganda au Kilugbara. Je, naweza kuitumia kutafsiri?

Kwa kuelewa haraka, ndiyo. Kwa hati itakayoapwa, si yenyewe peke yake.

Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005. Kwa hiyo wakili wa Busia au Mutukula anaishi kwenye tafsiri kila siku: mteja anasimulia kwa Kiswahili, hati ya kiapo inatoka kwa Kiingereza. Programu kubwa zinamudu Kiswahili vizuri. Luganda ni wastani, na ukifika Kilugbara, Ateso au Kiacholi unaanza kupata sentensi zinazosomeka vizuri lakini hazikusemwa na mtu. Kwa lugha hizo kuna kazi nzuri iliyofanywa hapahapa nyumbani na Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere, na inafaa kuzijaribu zana zao kabla hujalipa dola kwa zana za mbali.

Lakini sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma na kuandika inamtaka yule aliyeandika hati kwa niaba ya mtu huyo aandike jina lake kamili na anwani yake halisi, na athibitishe kwamba ameandika kwa maelekezo ya mwenyewe na kwamba huyo mwenyewe amesomewa hati akaielewa. Mashine haina anwani. Lazima awepo binadamu anayejua lugha ya mteja, amsomee rasimu sentensi kwa sentensi, na atie sahihi yake. Hati za kiapo zimetupwa nje ya mahakama kwa kukosa uthibitisho huo, na hakimu hatajali kwamba tafsiri ilikuwa nzuri.

Nionyeshe siku ya kawaida inavyokwenda.

Asubuhi, kabla ya kutoka: orodha ya kesi za leo unayo, kila jalada lina kumbukumbu fupi ya mara iliyopita (ile uliyoanza nayo hapo juu). Zisome kwenye simu njiani. Hapa hakuna akili mnemba yoyote, unavuna ya jana.

Baada ya mahakama, dakika kumi za taarifa na barua.

Mchana, ukikaa na rundo la nyaraka, ipe kazi ya kupanga matukio kwa tarehe. Mgogoro wa ardhi wa kawaida una mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), risiti za busuulu (kodi ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi), barua za madai, picha za WhatsApp na hati tatu zinazopingana. Kupanga haya kwa mkono ni kazi ya nusu siku. Programu inakupa rasimu ya jedwali: tarehe, tukio, waraka unaothibitisha. Safu ya tatu ndiyo muhimu, maana tukio lisilo na waraka linabaki tupu mbele ya macho yako, na unajua ni shahidi gani wa kumtafuta.

Jioni, kabla ya kupandisha nyaraka kwenye ECCMIS (mfumo wa mahakama wa kupokea hati kwa mtandao), iambie programu isome rasimu yako na itafute kutopatana: jina la mdai limeandikwa namna mbili, aya ya 9 inataja kiambatisho ambacho hakipo, kiasi cha pesa cha aya ya 4 hakilingani na cha maombi ya mwisho. Tangu mfumo huo uanze mwaka 2022 tumezoea kupandisha hati saa za mwisho mwisho, na makosa ya namna hii ndiyo huponyoka.

Siku nyingine utafanya moja tu kati ya hizi. Inatosha.

Mkubwa wa ofisi hataki kusikia habari za AI.

Usimbishie kwa hoja. Mpe jedwali la matukio la kesi yake mwenyewe, lililohakikishwa, lenye namba za viambatisho. Akiuliza umelitengenezaje, mwambie ukweli, pamoja na yale uliyoyaficha kabla ya kubandika. Akikataa hata hivyo, ni ofisi yake na ni majalada yake. Usitumie kwa siri.

Nasoma LDC (Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili). Inafaa nianze mapema?

Anza na kujipima, si kuandikiwa. Iombe programu ikutungie maswali kutokana na kanuni ulizozisoma, ujibu kwa kalamu, ndipo ikusahihishe huku kanuni zikiwa wazi mbele yako. Rasimu zako za kwanza za hati za madai ziandike mwenyewe. Mtu asiyewahi kuandika hati ya madai mbovu hawezi kuitambua hati mbovu aliyoandikiwa.

Umeme unakatika na data ni ghali. Haya yote yanawezekana?

Kazi nilizozitaja ni za maandishi, na maandishi hayali data nyingi. Kinachokula ni kupandisha mafaili makubwa ya skana, kwa hiyo gawa kurasa unazozihitaji. Kumbuka kwamba tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na kwamba Januari ya mwaka huo intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Hifadhi matokeo yote kwenye kompyuta na uchapishe ya majalada muhimu. Ofisi inayotegemea mazungumzo yaliyoko mtandaoni kama jalada itafungwa siku mtandao ukifungwa.

Nimlipishe mteja muda ambao mashine imefanya kazi?

Mlipishe muda wako, ukiwemo wa kuhakiki. Kudai saa nne kwa kazi ya dakika arobaini ni utapeli uleule wa zamani. Mkikubaliana ada ya kazi nzima badala ya saa, swali hili halipo.

Nani atabeba lawama ikikosea?

Wewe. Sahihi iliyo chini ya hati ni yako, na Baraza la Sheria linamjua wakili, halijui programu. Karani aliyekuandalia rasimu hakuwahi kuwa utetezi mbele ya kamati ya nidhamu, na hii pia haitakuwa.

Kazi zipi nisiipe kamwe?

Kumshauri mshtakiwa akiri au akane kosa. Kupendekeza kiasi cha suluhu kwa familia iliyofiwa. Kuandika ushahidi wa shahidi ambaye hujakaa naye, hata kama mteja amekueleza kila kitu atakachosema. Barua ya hasira kwa wakili mwenzako, kwa sababu itaiandika vizuri mno na utajuta kuituma.

Na kuhesabu tarehe za mwisho. Hata ikikupa jibu sahihi mara nyingi, zihesabu kwa kidole kwenye kalenda, kanuni zikiwa wazi mezani, kisha mwenzako azihesabu tena bila kuona jibu lako.